Mwani wa Mlingotini: msaada ulipe nini, sabuni ilipe nini?

Kila mradi wa vijana ukiingia Bagamoyo mabishano ni yale yale: wagawiwe vifaa bure, au waanzishe biashara itakayojilipa yenyewe?

Wanaotetea msaada wana hoja nzito. Shamba la mwani, kama yale ya kijiji cha Mlingotini, linataka mambo (vigingi), kamba, tai-tai (vikamba vya kufungia mbegu) na mbegu kabla hata shilingi moja haijaingia. Mwani huvunwa baada ya siku 45 hivi, kisha kilo 7 au 8 mbichi zikikauka hubaki kilo 1. Mvua ikiunyeshea mwani ulioanikwa, bei inaanguka. Kazi yenyewe hufuata bamvua, siku ambazo bahari hukupwa sana, maana maji mafu, yanayokupwa kidogo tu, hayakupi nafasi ya kufika shambani. Kijana anayekula kwa kibarua cha leo hawezi kusubiri hivyo peke yake.

Wanaopinga nao hawakosei. Kamba ya bure ikikatika, kijana humsubiri mfadhili mwingine. Ila mimi naona hatari kubwa iko kwenye hesabu, na haionekani vizuri popote kama kwenye sabuni ya mwani, yaani sabuni ya mafuta ya nazi inayotiwa unga wa mwani.

Kilo 1 ya mafuta ya nazi hutaka gramu 155 hivi za kostiki soda na gramu 330 za maji. Kostiki ndiyo humiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki, kwa sababu huchemka na kuruka usoni. Sufuria ya alumini haifai, italiwa. Ukifikisha gramu 183 za kostiki, mafuta yote hugeuka sabuni na ngozi hukauka. Ukizidisha hapo, unamuunguza mteja. Kwa hiyo kijiko hakitoshi, lazima mzani wa gramu. Hapo unapata vipande 15 hivi vya gramu 100, ambavyo huachwa vikomae wiki 4 hadi 6.

Sasa, unga wa mwani katika mpiko huo ni gramu 25 tu. Kilo 1 ya mwani mkavu inatosha mipiko 40, yaani vipande 600. Sabuni basi inawapa kazi wapishi wake. Mkulima bado anamtegemea mnunuzi wa mwani mkavu. Miradi inayoahidi kwamba sabuni itamkomboa mkulima inawadanganya vijana wetu, na hilo linauma.

Tena kikundi kilichopewa mafuta bure huandika mauzo yote kuwa faida, kikapanga bei kwa kutazama sabuni ya kiwandani dukani. Msaada ukiisha, bei hiyo hainunui hata mafuta.

Kwa hiyo msaada ulipe mzani, glovu, miwani, mafunzo, vipimo vya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na mipiko ya kwanza itakayoharibika. Mafuta na kostiki kikundi kinunue chenyewe tangu mwanzo, hata kwa mkopo. Mkopo upo: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu, bila riba. Kabla ya kusaini, kikundi kiombe marejesho yaanze baada ya miezi mitatu. Anayelima akidaiwa baada ya siku 30, mwani wake bado uko baharini. Anayepika, sabuni yake bado iko rafuni. Wote wawili watarejesha kwa kula mtaji.