Jeshi la Akiba Kwenye Kopo la Halua

Mtoto wa ami yangu ana tabia ya kuhesabu askari wangu kabla vita havijaanza. Ndiyo maana, tulipopanga mezani visanamu vyetu kupigana tena vita vya Warumi vya Pharsalus vya mwaka 48 KK, kikosi changu cha akiba nilikitia ndani ya kopo tupu la halua ya Wete, nikaliweka juu ya friji.

Mie nilikuwa Caesar, mtoto wa ami ndiye adui yake, Pompey. Pompey alikuwa na wapanda farasi kiasi cha 7,000, Caesar 1,000 tu, kwa hiyo ubavu wangu wa kulia ulitia huruma. Ndivyo nilivyotaka! Caesar alificha safu ya nne nyuma ya farasi wake, na inasemekana aliiamuru iwalenge vijana wa Pompey nyusoni, maana walikuwa wakijali sura zao. Kwa kanuni zetu, akiba haionekani mezani mpaka raundi ya tatu. Hapo unarusha dadu. Ukipata nne au zaidi, inaingilia ubavuni.

Jioni hiyohiyo wazee walikuwa sebuleni, wamemletea dada posa. Hayo hayakunihusu.

Raundi ya tatu nikarusha. Sita! Nikapiga ukelele, "Akiba inaingia!" nikakimbilia jikoni.

Kopo hamna.

Mara sebuleni, "Uwii! Halua gani hii ina mikuki?"

Kumbe bibi keshalipeleka pamoja na kahawa, na mzee mmoja, anayeona haya kuvaa miwani mbele ya wakwe, katia vidole bila ya kutazama.

"Mjukuu wangu," bibi akaniambia, "wageni unawaua hata mahari hawajataja?"

Mzee alikuwa amemweka askari kiganjani. "Huyu nani?"

"Shikamoo babu. Huyo akiba."

Nikamweleza, huku mama akinikata jicho. Uso wa mzee ukakunjuka. "Aaa, kama namua, mwanzo wa mchezo wa bao! Kete 10 ubaoni, 22 mkononi, unazitoa mojamoja. Sasa adui yuko wapi?"

Akanyanyuka na kopo lake, akapitia mlango wa uani, akamtokea Pompey ubavuni na kanzu yake.

"Yakhe, hii si halali!" mtoto wa ami akalalama. "Babu hayumo kwenye kanuni!"

"Mie ndio akiba," mzee akajibu, akavuta kiti.

Mahari haikutajwa usiku ule. Pompey alikimbia saa nne kasorobo, na dada mpaka leo hanisemeshi.