Ritifaa ya ng'ombe inavyokula salio la SMS

Waandishi wengi wa programu huku kwetu huamini kwamba mkanganyiko wa usimbaji wa herufi, yaani jinsi herufi zinavyogeuzwa kuwa namba za kompyuta, ni shida ya Waarabu na Wachina. Kiswahili ni a mpaka z, hakina neno. Wamesahau ng', yenye ritifaa, kile kialama (') cha juu.

Andika "ng'ombe" kwenye Word au iPhone, na ritifaa iliyonyooka (namba yake katika Unicode, orodha ya herufi za dunia, ni U+0027) hugeuzwa kimyakimya kuwa iliyopinda (U+2019). Kwa macho ni ileile. Ila iliyopinda haimo katika jedwali la herufi la GSM, lile la kawaida la SMS, hivyo ujumbe mzima huhamia UCS-2, usimbaji wa baiti mbili kwa kila herufi, na nafasi hushuka kutoka herufi 160 hadi 70. Ukizidi hapo, unakatwa vipande vya herufi 67. Tangazo la herufi 150, lililokuwa SMS moja, sasa ni tatu. Kwa wakulima 10,000 unalipia SMS 30,000.

Hapo angalau maneno yamefika salama. Ukiona "ngâ€™ombe", baiti tatu za ritifaa iliyopinda katika UTF-8, usimbaji wa kawaida wa leo, yaani E2 80 99, zimesomwa kama Windows-1252, usimbaji wa zamani wa Windows. Wengi hukimbilia kutafuta "â€™" na kuibadilisha. Huko ni kupiga deki huku bomba linavuja. Kwenye hifadhidata ya MySQL endesha SELECT HEX() juu ya safu ya ujumbe, uone baiti zenyewe. Ukikuta E28099, data ni nzima, mkosaji ni programu inayoisoma. Ukikuta C3A2E282ACE284A2, imesimbwa mara mbili kabla ya kuhifadhiwa: rekebisha kwanza muunganisho unaoandika (SET NAMES utf8mb4), kisha safisha ya zamani, nakala rudufu ikiwa tayari.

Upande wa SMPP, itifaki ya kupelekea SMS kwenye mtandao wa simu, dalili ni nyingine. @ ikifika kama ¡, na _ kama §, umetuma ASCII (jedwali la herufi la kompyuta) kwa data_coding 0 (yaani jedwali chaguomsingi la mtandao) mahali ambapo mtandao unasoma jedwali la GSM.

Msimamo wangu: nyoosha ritifaa kwenye mlango wa kutokea SMS tu, hifadhidata usiiguse. Geuza U+2018, U+2019 na U+02BC kuwa U+0027. Usisahau alama za kunukuu zilizopinda, kistari kirefu, na ile nafasi isiyokatika, U+00A0, ambayo hata haionekani. Mtumaji naye aonyeshwe idadi ya SMS kabla hajabonyeza.

Wapo wanaoona njia rahisi ni kufuta ritifaa kabisa. Hao ndio humwandikia mkulima "ngoa magugu", naye ngoa anayoijua ni wivu.