Tahadhari Ikikataa Kufunguka

Mei 2024, siku zile Kimbunga Hidaya kinakaribia Mafia, nilikuwa gatini Lamu. Bahari ilikuwa imeanza kuchafuka. Nahodha mmoja wa rika la baba yangu akaniona na simu mkononi. "Mwanangu, wasemaje huko? Chombo chatoka au hakitoki?" Nikafungua tovuti ya ofisi moja ya umma. Ikaja picha kubwa ya viongozi wakikata utepe, ikafuata nyingine, kisha kiduara kikaanza kuzunguka. Tahadhari yenyewe ilikuwa faili la PDF, barua iliyopigwa muhuri na kuskaniwa, megabaiti 6. Haikufunguka. Mzee alinisubiri kwa subira, halafu akaenda kutazama mawingu.

Natengeneza tovuti, ndiyo maana jambo lile limenikaa rohoni. Tunazijenga kwa ajili ya siku ya uzinduzi, ukumbini kwenye Wi-Fi, wala hatuifikirii siku ya gharika. Tangazo la dharura ni maneno machache: nini kinakuja, wapi, kuanzia saa ngapi, nani apigiwe. Yote hayafiki kilobaiti 20. Kwenye mtandao wa 2G unaosuasua hufika kwa sekunde chache, ilhali lile faili laweza kuchukua dakika nane na zaidi.

Halafu kuna msongamano. Siku ya hatari watu wote hufungua kwa wakati mmoja, na seva, yaani kompyuta inayotuma kurasa za tovuti, ikiwa inaandaa ukurasa upya kwa kila anayebisha hodi, huelemewa. Muuza mahamri anayekanda unga mteja akishafika atapanga foleni hadi adhuhuri. Aliyeamka alfajiri akajaza beseni, kwake ni kukabidhi tu. Ukurasa wa dharura uwe umeshapikwa.

Na ukurasa huo usikae kwenye seva moja tu. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, Hidaya kimeshapita, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ya Kenya na Tanzania ikayumba. Nakala moja iwe hapa nchini, nyingine nje. Gharama yake ni ndogo mno kulinganisha na hizo picha za utepe.

Kinachoniuma zaidi ni matangazo yasiyo na saa. Novemba 2023, mafuriko ya Tana yalipokata barabara ya Garsen kwenda Lamu pale Gamba, maji yalikuwa yakibadilika kila siku. Mtu aliye stendi ya Malindi na watoto na mizigo akisoma "barabara imefungwa", ni ya leo au ya juzi? Tangazo la jana lililoachwa hewani bila saa ni hatari kuliko kimya, maana mtu atalifuata. Liandikwe limetolewa saa ngapi, na lijalo litatoka saa ngapi hata kama hakuna jipya.

Nitaambiwa kwamba watu wetu husikiliza redio na kutumiana WhatsApp. Ni kweli. Lakini mtangazaji na chifu nao watathibitishia wapi, kama ukurasa wa wenye mamlaka umelala?

Basi nina ombi moja kwa wanaozisimamia tovuti hizi. Kabla ya masika, mmoja wenu apande boti hadi Faza, kisiwani Pate, na simu ya bei nafuu, asimame gatini, afungue ukurasa wake mwenyewe.