Namba ya Siri Isiyo Siri

Ukigusia akili mnemba kwa watu wenye ulemavu hapa Mbeya, unajibiwa haraka: kwanza fimbo nyeupe, viti mwendo na njia za kuingilia ofisini, mambo ya simu ni anasa. Hoja hiyo ina uzito. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ni ya 2010, na bado kuna majengo ambayo mwenye kiti mwendo haingii mpaka ainuliwe na watu.

Lakini mfikirie asiyeona anayetoa pesa kwa wakala pale Mwanjelwa. Ujumbe ukiingia, anasomewa. Salio lake linatajwa kwa sauti, foleni nzima inasikia. Kisha anaombwa namba ya siri, naye anaitaja. Tangu hapo kila shilingi anayotumiwa na mwanawe iko mikononi mwa hisani ya mtu. Akiibiwa, amshitaki nani, ilhali namba aliitaja mwenyewe? Hili ndilo linaloninyima raha kila nisikiapo neno anasa.

Simu janja nyingi za Android zina TalkBack ndani yake, bila malipo ya ziada. Inasoma kilichoko kwenye skrini. Mtu akivaa hedifoni, jirani hasikii kitu. Programu ya simu iitwayo Be My Eyes ilianza 2015 ikimuunganisha asiyeona na mtu wa kujitolea kwa video. Tangu 2023 akili mnemba ndani ya programu hiyo inaweza kumweleza picha. Barua ya hospitali anaisikia mwenyewe, bila kumwita mtoto wa jirani. Fimbo haisomi barua, na simu haipapasi mtaro. Kwa nini tumlazimishe kuchagua?

Mashine hukosea, ndiyo, na kwenye kipimo cha dawa kosa moja latosha kuua; hapo mfamasia aulizwe. Bibi wa Rungwe anayejua Kinyakyusa tu bado hajafikiwa. Kwa viziwi nako nasita zaidi: Lugha ya Alama ya Tanzania ina video chache mno za kuifunza mashine. Kule Iringa, kwenye mgahawa wa Neema Crafts, wahudumu viziwi wanahudumia wateja wanaosikia bila kusubiri mashine.

Kuna dogo lililo karibu zaidi. Menyu ya kutuma pesa hukatika mtu akichelewa kujibu, na anayesikiliza neno kwa neno lazima achelewe. Kampuni za simu ziongeze muda huo sasa.