Wanawake wa Mau Mau Hawakuwa "Wasaidizi"

Kila Oktoba 20, Sikukuu ya Mashujaa ya Kenya ikifika, nasikia maneno yaleyale kuhusu Mau Mau, wapiganaji waliopambana na mkoloni Mwingereza miaka ya 1950: wanaume walipigana msituni, wanawake wakawasaidia kwa chakula. Hilo neno "wakawasaidia" linaniuma. Mama aliyetoka usiku na risasi chini ya kiondo, akapita karibu na kambi ya hom gadi, Waafrika waliolinda upande wa mkoloni, akijua akishikwa ni kipigo na kizuizi katika gereza la Kamiti, alikuwa vitani.

Mkoloni mwenyewe alilijua hilo. Kuanzia 1954 alihamisha kwa nguvu zaidi ya watu milioni moja wa Mkoa wa Kati na kuwafungia katika vijiji vyenye ua, walinzi na kafyu. Wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni, kwa hiyo waliojaa humo walikuwa wanawake, watoto na wazee. Shabaha ilikuwa kukata njia ya chakula na habari, na njia hiyo ilikuwa miguu ya akina mama.

Halafu kuna lile handaki la kando ya msitu wa Mlima Kenya, takriban maili 50, chini yake vijiti vimechongwa vikali. Wachimbaji wengi walikuwa wanawake, kwa kulazimishwa, bila malipo, wengine wakiwa na mtoto mgongoni. Fikiria: unashika jembe kuchimba shimo la kumzuia ndugu yako asifikiwe na chakula ulichokuwa ukimpelekea wewe mwenyewe.

Muthoni wa Kirima alianza hivyohivyo, kwa kupeleka chakula na habari. Akaingia msituni, akawa mwanamke pekee aliyepewa cheo cha Fildi Masho, cheo cha juu kabisa cha Mau Mau, na hakutoka hadi uhuru wa 1963. Rasta zake za msituni zilinyolewa Aprili 2022, mwaka mmoja na ushei kabla hajafariki.

Na waliobaki vijijini? Walisimamisha nyumba wenyewe, wakalima, wakaamua mambo yote ya boma, kazi ambazo zamani zilimngoja mwanamume. Lakini miaka hiyohiyo mashamba yalipopimwa na kusajiliwa, hati ziliandikwa karibu zote kwa majina ya wanaume. Uchaguzi wa 1963 haukumpeleka bungeni mwanamke hata mmoja. Wa kwanza kuchaguliwa, Grace Onyango wa Kisumu, aliingia 1969, miaka sita baada ya bendera kupandishwa.