Mbegu chache zinazokwenda mbali ndizo za kuogopwa

Nimesoma makala kuhusu jinsi hesabu zinavyotabiri kuenea kwa magugu vamizi. Mwandishi ameeleza vizuri, lakini picha aliyotoa, ya duara linalopanuka polepole kutoka mmea mama, haitoshi. Hiyo ni modeli, yaani kielelezo cha hesabu, ya mwanatakwimu Skellam ya 1951: kasi hutegemea uzazi wa mmea na umbali wa kawaida wa mbegu. Mwaka 1996 mwanahisabati Kot na wenzake walionyesha kwamba mbegu chache zikifika mbali mno, uvamizi huongeza kasi kadiri muda unavyokwenda.

Hapa Nairobi twende barabarani tukaone. Partheniamu, lile gugu la vijiua vyeupe, mmea mmoja tu hutoa maelfu ya mbegu ndogo nyeusi. Zikinasa kwenye matope ya tairi, lori huzifikisha mtaa mwingine kabla ya saa nne asubuhi. Mathenge nayo, ule mti vamizi wa miiba, mbuzi akila maganda yake, mbegu hutoka kwenye samadi zikiwa tayari kuota, na samadi tunauziana kwa malori!

Basi modeli zihesabu barabara na biashara, si upepo peke yake. Na kaunti ianze kung'oa vile vichaka vidogo vya magugu vilivyo mbali na kundi kuu, kabla havijachanua. Mvua za Novemba hazingoji vikao.