Mpiga chelo chipukizi: jukwaa kwanza au masomo kwanza?

Mei 19, 2018, katika harusi ya Harry na Meghan kule Windsor, kijana wa miaka 19 alipiga chelo, ala kubwa ya nyuzi ya jamii ya fidla inayopigwa kwa uta, wakati maharusi wakitia saini hati ya ndoa. Ni Sheku Kanneh-Mason wa Nottingham. Mwaka 2016 alishinda shindano la BBC la wanamuziki chipukizi, Mweusi wa kwanza kulitwaa tangu lianzishwe 1978. Kijana akifika hapo, washauri hawakosekani: wapo wanaomtaka avune sasa jina likiwa moto, na wapo wanaomtaka asome kwanza.

Wa kwanza wana hoja nzito. Chelo inataka mwili ulioizoea mapema. Shingo yake haina alama. Kidole cha kushoto lazima kiijue sauti ilipo kwa kugusa tu, na ncha huota sugu kwa kukandamiza nyuzi nene. Ndiyo maana kuna chelo ndogo, ziitwazo za robo na za nusu, kwa watoto. Sheku aliianza akiwa na miaka 6. Tena hakuna ajuaye amebakiwa na muda gani. Mpiga chelo Mwingereza Jacqueline du Pré alijitambulisha Wigmore Hall, ukumbi wa muziki wa London, mwaka 1961 akiwa na miaka 16. Mwaka 1965 akarekodi koncheto (kazi ya mpigaji mmoja na okestra) ya mtunzi Elgar, Barbirolli akiongoza okestra, na hadi leo wapiga chelo wanapimwa kwa rekodi ile. Kufikia 1973 ugonjwa wa neva ulikuwa umemnyima hisia za vidole. Alikuwa na miaka 28. Kila nikiikumbuka miaka ile minane, nashindwa kusema angengoja.

Hata hivyo, maradhi ya mtu mmoja hayawezi kuwa kanuni ya kulea wote. Mpiga chelo Mmarekani Yo-Yo Ma alipiga mbele ya Rais Kennedy mwaka 1962 akiwa na miaka 7, lakini akaenda kusoma Harvard na kuhitimu 1976. Jukwaa halikumkimbia. Sheku naye alisoma shule ya kawaida ya serikali, Jumamosi akienda London kwa mafunzo ya vijana ya Royal Academy of Music. Baada ya ushindi alimaliza shule, kisha akajiunga na chuo hichohicho huku akirekodi na kufanya maonyesho.

Mimi niko upande wa masomo, mradi chuo kimruhusu mwanafunzi kupanda jukwaani. Okestra hutaka kusikia kutoka kwa kijana kazi zilezile chache zilizomvumishia jina, na asipokuwa na mwalimu wa kumrudisha kwenye uta na pumzi, atazirudia mpaka zikauke mikononi mwake.

Linaloniuma zaidi ni kwamba mabishano haya huwahusu waliokwisha kupata mwalimu. Sheku aliipa shule yake ya zamani pauni 3,000 ili wanafunzi 10 waendelee na masomo ya chelo. Wanafunzi hao hawakuwa wakichagua kati ya jukwaa na chuo. Walikuwa karibu kukiacha chombo chenyewe kwa kukosa ada.